Wasomaji Wanauliza: Likizo ya Bahari Kisiwani Malta

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wanaofikiria kwenda likizo Malta, kisiwa kilichoko kusini mwa Sicily katikati ya Bahari ya Mediterania, watuletee maswali yao. Barua zimekuja kutoka Tanga, Nairobi, Muscat, Birmingham na kwingineko. Za nauli ya ndege tumeziweka kando, kwa kuwa bei hubadilika kabla gazeti halijatoka kiwandani.

Salaam aleikum. Mwanangu aliyeko Ulaya ananiita twende naye Malta mwezi wa Septemba. Sisi huku tunaoga kwa kuangalia maji: yakijaa tunaingia, yakipwa tunaokota kombe. Huko maji hujaa saa ngapi? Na ufukwe ulio mzuri ni upi?
*Mzee wa Tanga*

Waalaikum salaam, mzee wetu, na shikamoo. Habari za kujaa na kupwa huko hazina kazi. Kwetu bamvua likikolea, maji hupanda na kushuka mita 3 hadi 4. Malta tofauti ya juu na chini ni sentimita 20 hivi, na mgeni anaweza kukaa wiki nzima asiitambue. Ukiingia majini saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni, kina ni kilekile.

Linalotawala huko ni upepo, na ndiyo maana swali la ufukwe mzuri halina jibu moja. Ufukwe uliokuwa mtulivu jana leo unaweza kuwa na mawimbi ya kumwangusha mtu mzima. Wenyeji hutazama upepo kwanza, kisha ndipo huamua waelekee wapi. Wageni wengi hufanya kinyume: hukodi hoteli mbele ya ufukwe mmoja, bahari ikichafuka hukaa kibarazani wakinung'unika, na kumbe upande wa pili wa kisiwa maji yametulia tuli. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 27 tu.

Wewe mtu wa pwani uliyezoea kaskazi na kusi utazielewa pepo zao mara moja. Unaovuma mara nyingi zaidi ni *majjistral*, utokao kaskazini-magharibi. Huo ukiwa mkali, fukwe za magharibi kama Golden Bay na Għajn Tuffieħa huchafuka. Nenda kusini-mashariki, Pretty Bay kule Birżebbuġa kwenye mchanga, au St Peter's Pool kwenye miamba kama unajua kuogelea. *Grigal* hutoka kaskazini-mashariki na kuingia moja kwa moja kwenye ghuba ya Mellieħa. Siku hiyo Golden Bay ndiyo iliyojikinga. *Xlokk*, wa kusini-mashariki, huja na joto zito na unyevu, na wakati mwingine vumbi la Sahara. Huo nao unakupeleka magharibi.

Kila asubuhi soma utabiri wa ofisi ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege wa Malta. Hutaja upande unakotoka upepo na nguvu yake kwa kipimo cha Beaufort. Hadi 3, ufukwe wowote unafaa. Ukifika 4, chagua ule ulioupa upepo mgongo. Ukifika 5 au 6, hata safari za mashua kuzunguka kisiwa huanza kuvunjwa. Ukumbuke pia kwamba upepo ukilala usiku, mawimbi hayalali nao. Upande uliopigwa huchukua karibu siku nzima kutulia.

Fukwe kubwa zina waokoaji mchana wakati wa kiangazi, na bendera zao ni rahisi kuzisoma. Kijani, ingia. Njano, ingia kwa tahadhari. Nyekundu moja, bahari ni ya hatari. Nyekundu mbili, imefungwa. Zambarau ni onyo la yavuyavu, na tutawazungumzia hapa chini. Ramla l-Ħamra, ule ufukwe wa mchanga mwekundu kisiwani Gozo, jirani na Malta, unasifika kwa uzuri, lakini mawimbi yakiwa makubwa hutengeneza mkondo unaovuta watu kwenda nje. Ukikushika, usishindane nao kurudi ulikotoka. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke ndani yake, ndipo ugeuke kuja pwani.

Septemba umeichagua vizuri. Bahari bado ina nyuzijoto 25 au 26, na shule za Ulaya zimeanza kufunguliwa. Anayetaka utulivu zaidi aende mwishoni mwa Mei au Oktoba. Februari maji hushuka hadi 15 au 16, na mtu wa Tanga hatoyapenda.

Habari za kazi. Tunaishi Birmingham, mimi, mume wangu na watoto wawili wa miaka 3 na 7. Sote tuna pasipoti za Tanzania na vibali vya kuishi Uingereza. Tunataka kwenda Malta Julai. Je, kibali kinatosha? Na wapi panafaa kwa watoto wadogo?
*Mama wa wawili, Birmingham*

Nzuri, mama. Kibali hakitoshi, na hapa familia nyingi hupoteza pesa kwa kununua tiketi kwanza. Malta imo tangu 2007 kwenye eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja; Uingereza haimo. Kibali cha Uingereza hakimwingizi Mtanzania wala Mkenya Schengen. Nyote wanne mnahitaji viza. Ombeni mkiwa hukohuko Uingereza, na ombeni kwa Malta ikiwa ndiko mtakakolala siku nyingi zaidi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Kwa Julai msisubiri Juni, maana nafasi za miadi ndizo huadimika kuliko viza yenyewe.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku mtakayotoka Schengen. Bima ya safari isipungue euro 30,000 na itaje matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Wa miaka 7 atalipiwa 45, wa miaka 3 halipiwi. Walio chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole. Kama mmoja wenu atabaki na watoto wasafiri na mzazi mmoja, bebeni barua ya idhini ya mzazi wa pili.

Kuhusu watoto, jibu ni Għadira, ufukwe wa ghuba ya Mellieħa. Ndio mrefu kuliko zote za mchanga Malta, mita 800 hivi, na maji hushuka pole pole sana; mtu mzima hutembea makumi ya mita kabla hayajamfika kiunoni. Basi namba 42 kutoka Valletta, mji mkuu, linafika hapo, na 222 kutoka Sliema linapita hapo likielekea bandari ya Ċirkewwa. Tiketi ya kawaida hutumika saa mbili tangu ulipoikata, kwa hiyo ukibadilisha basi njiani hulipi tena.

Barabara kuu inapita nyuma kabisa ya mchanga, hivyo kaeni katikati ya ufukwe, mbali na ukingo, na mtoto wa miaka 3 asipelekwe chooni bila kushikwa mkono.

Kisha kuna jambo ambalo wazazi hawaliambiwi vya kutosha. Upepo wa magharibi ukivuma, maji ya Għadira huwa laini na ya kupendeza kwa sababu upepo unatoka nchi kavu. Upepo huohuo husukuma nje kila kinachoelea. Boya la kupuliza, godoro la plastiki, bata wa mtoto: vikiachiwa dakika moja tu vimeshakwenda mbali kuliko baba anavyoweza kuogelea. Siku hizo vya kupuliza viacheni hotelini, na mtoto avae jaketi la kuelea lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Vile vya kuelea vinavyovaliwa mikononi huchomoka. Godoro tupu likichukuliwa na upepo, liacheni liende.

Kwa jua, fikeni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Mafuta ya kukinga jua ni kwa ngozi yetu pia, kwa kuwa weusi hupunguza kuungua lakini hauzuii madoa wala madhara ya muda mrefu. Nunueni ya kiwango cha 30 au 50. Yale yenye madini ya zinki huacha weupe kama majivu juu ya ngozi nyeusi. Tafuteni yenye rangi, au yale yasiyo na madini. Mtu mzima anahitaji takriban mililita 30 kwa mwili mzima, na wengi hupaka nusu ya hapo. Pakeni tena kila baada ya saa mbili na kila mnapotoka majini. Masikio na nyuma ya shingo msizisahau.

Mkikuta rundo la majani makavu ya kahawia kwenye mchanga, msidhani ufukwe umetelekezwa. Ni nyasi za bahari zilizotupwa na mawimbi, na zinaushika mchanga usichukuliwe.

Nina kibali cha Ujerumani. Nibebe nini ambacho watu husahau?
*Msomaji wa Stuttgart*

Ndugu, viza huhitaji: kibali cha nchi ya Schengen kinakuruhusu kukaa Malta hadi siku 90 ndani ya siku 180, mradi ubebe kadi yenyewe pamoja na pasipoti. Chukua na kadi ya bima ya afya. Upande wake wa nyuma kwa kawaida ndio kadi ya Ulaya, nayo hukufungulia hospitali za serikali. Dharura piga 112. Kinachosahaulika ni plagi. Malta hutumia ya pini tatu bapa, ileile ya Kenya na Tanzania, kwa hiyo chaja yako ya Ujerumani haitaingia. Ukikodi gari, huko huendeshwa kushoto.

Viatu vya mpira vya majini usiviache. Sehemu kubwa ya pwani ya Malta ni mwamba wa chokaa, si mchanga. Kule Sliema watu huogea kwenye mwamba na kushuka kwa ngazi za chuma. Mwamba ulio juu ya maji hushika mguu vizuri, ila ule ulio kwenye mstari wa mawimbi una utelezi wa kijani. Shuka ukiwa umetazama mwamba, mikono yote miwili kwenye ngazi.

Assalaam aleikum. Tutasafiri na mama mkwe, mtu wa stara. Je, wanawake wakiingia majini na nguo za kusitiri mwili watasumbuliwa? Na chakula?
*Msomaji wa Muscat*

Waalaikum salaam, dada. Fukwe za Malta ni za umma, na vazi la kuogelea la stara halikatazwi na sheria. Wapo watakaotazama, basi. Palipo na masharti ni mabwawa ya hoteli: baadhi hukataa nguo yoyote isiyo ya kitambaa cha kuogelea. Andikeni hotelini kabla ya kulipa, mtaje aina ya kitambaa, na mlihifadhi jibu lao. Pamba msiivae majini hata ufukweni. Hunywa maji, huwa nzito na kumkwamisha mvaaji. Nailoni au polista yenye mpira kidogo ndiyo inayofaa.

Kama mama anataka faragha, saa kumi na mbili na nusu asubuhi Għadira ina watu wachache mno, hata Agosti. Ikwepeni 15 Agosti na siku zinazoizunguka. Ni sikukuu ya Santa Marija, na familia zote za Kimalta ziko baharini.

Msikiti upo Paola, eneo la Corradino, karibu na Valletta. Kwa chakula, samaki ndiye msaada wenu mkubwa. Yule wanayemwita *lampuki* ni fulusi, na msimu wake huanza katikati ya Agosti. Mwombeni wa kuchoma au kukaanga bila mchuzi, maana michuzi mingi hupikwa kwa mvinyo. *Aljotta* ni supu ya samaki yenye kitunguu saumu na nyanya. Ulizeni kama ina mvinyo. *Pastizzi*, vile vitafunio vya unga vyenye jibini au njegere ndani, vinauzwa kila kona na vinashawishi, ila unga wake wa zamani ulikandwa kwa mafuta ya nguruwe. Siku hizi wengi hutumia majarini, lakini muulizeni muuzaji ni mafuta gani hasa. Kuambiwa kwamba ndani hamna nyama hakujibu swali hilo. Mkate wa *ħobż biż-żejt*, wa nyanya, mafuta ya zeituni na jodari, hauna tatizo na unashibisha kutwa nzima ufukweni.

Maji ya bomba ni salama, ila yana ladha ya chumvi kwa kuwa mengi ni ya bahari yaliyosafishwa. Chupa mnazonunua zina amana ya senti 10. Zirudisheni kwenye mashine zilizo nje ya maduka zikiwa hazijakunjwa na zina lebo, la sivyo mashine huzikataa.

Nimeona picha za Blue Lagoon, maji ya buluu kama ya kioo. Rafiki yangu aliyekwenda anasema asingerudi, umati ulimchosha. Nani mkweli?
*Msomaji wa Nairobi*

Wote wawili. Blue Lagoon ni mlango mwembamba wa maji kati ya visiwa vya Comino na Cominotto, vilivyo baina ya Malta na Gozo. Chini ni mchanga mweupe, kina ni kifupi, na ndiyo sababu rangi inang'aa. Lakini mahali pa kuketi ni kipande chembamba cha mwamba, na kwa miaka mingi mashua zilimwaga watu bila kipimo. Tangu 2025 mgeni hujiandikisha bure kwenye mtandao, huchagua kipindi cha asubuhi, alasiri au jioni, hupata msimbo kwenye simu, kisha hupewa ukanda wa mkononi. Tunaiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Jiandikishe mapema kabla ya kukata tiketi ya mashua, na umuulize mwenye mashua kama tiketi yake inahusisha ukanda au la.

Usiende kwa meli kubwa za Sliema kama lengo lako ni Comino peke yake. Safari ni zaidi ya saa nzima, na zote hufika katikati ya mchana, wakati mmoja. Lala upande wa Mellieħa, panda basi hadi Ċirkewwa, chukua mashua ndogo ya kwanza ya asubuhi. Ni dakika 15 hivi. Kabla hujashuka, uliza mashua ya mwisho kurudi ni saa ngapi, na kama upepo utabadilisha ratiba. Kivuli hakuna. Chukua maji lita 2 kwa kila mtu, kofia, na mfuko usiopitisha maji kwa simu.

Majini, baki ndani ya kamba ya maboya. Nje yake ndiyo njia ya mashua, na nahodha anayetazama jua haoni kichwa cha mtu. Katikati ya mlango kuna mkondo pia, unaohisiwa zaidi siku za upepo.

Saa tano meli zinapoanza kufika, ondoka. Fuata njia ya miguu kuelekea ghuba ya Santa Marija upande wa pili, mwendo wa nusu saa. Ina mchanga, miti michache, na watu wachache. Njiani tembea kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa. Mimea ile midogo yenye harufu huchukua miaka kurudi. Na kama *majjistral* umefika 5, ahirisha siku. Bahari ikichafuka rangi ile huioni hata kidogo.

Nimesikia yavuyavu wa huko ni wakali. Tufanyeje tukichomwa? Kwetu tunatia siki.
*Msomaji wa Dar es Salaam*

Siki iache, ndugu yangu. Wapo yavuyavu ambao siki inawafaa, lakini anayewasumbua watu zaidi Malta ni yule mdogo wa rangi ya zambarau, *Pelagia noctiluca*, mwenye madoadoa mwilini na nyuzi ndefu. Vijichembe vyake vya sumu vilivyobaki juu ya ngozi vinaweza kufyatuka zaidi vikiguswa na siki. Maji baridi ya bomba hufanya vivyo hivyo, na mkojo usiujaribu.

Osha kwa maji ya bahari, mengi, bila kusugua. Nyuzi zilizobaki ziondoe kwa kibano, au kwa ukingo wa kadi ya plastiki ukiburuza pole pole. Changanya magadi ya kuokea (baking soda) na maji ya bahari nusu kwa nusu iwe uji mzito, paka kwa dakika mbili, kisha kwangua kwa kadi. Mwisho weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15. Pakiti ndogo ya magadi ni ya kubeba ufukweni kila siku. Alama nyekundu hukaa siku kadhaa na si jambo la kutisha. Anayepumua kwa shida, kuvimba midomo au kutapika, pigieni 112 hapohapo.

Yavuyavu nao huletwa na upepo. Ukivuma kuelekea ufukweni hurundikana, ukigeuka huondoka. Kwa hiyo bendera ya zambarau ikipandishwa upande mmoja, vuka kisiwa.

Wale wanyama weusi wa mviringo wenye miiba wako kwenye miamba, karibu hawapatikani kwenye mchanga. Mwiba ukivunjikia mguuni, usiupondeponde kama wengine wanavyofanya, kwani unaugawa vipande. Loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa au zaidi, kisha toa vinavyoonekana kwa kibano kikiwa sambamba na mwiba. Ulioingia kwenye kiungo, au unaoendelea kuuma baada ya siku mbili, mwachie daktari.

Nina cheti cha kuzamia nilichopata Zanzibar. Malta nitakuta tofauti gani?
*Mzamiaji, Unguja*

Utaona mbali. Siku nzuri unaona hadi mita 30, kwa kuwa hakuna mito inayomwaga tope. Matumbawe ya rangi kama ya Mnemba hutayakuta. Uzuri wa huko ni mapango, matao ya mwamba na meli zilizozamishwa. *Um El Faroud*, meli ya mafuta ya Libya yenye urefu wa mita 110, iliungua kwa mlipuko bandarini 1995, watu 9 wakafa, na 1998 ikazamishwa kule Wied iż-Żurrieq iwe makao ya samaki. Imelala kwenye mita 36. Cheti cha kwanza kinakomea mita 18, basi usikubali kushushwa huko mpaka uwe na cheti cha juu. Anza na Ċirkewwa, ambako kuna miamba ya kina kifupi.

Tofauti itakayokusumbua ni uzito unaovaa ili uzame. Zanzibar ulivaa suti ya milimita 3, au fulana tu. Malta, hata Juni, utapewa ya milimita 5 au 7, nayo huelea sana. Maji ya Mediterania yana chumvi zaidi pia, ingawa hiyo huongeza mahitaji kwa chini ya nusu kilo. Usiseme "mimi hutumia kilo 4" kwa mazoea. Omba kujipima kabla ya mzamo wa kwanza: toa hewa yote kwenye jaketi la kuzamia, shika pumzi ya kawaida, uso wa maji ukupite usawa wa macho. Mtungi ukiwa umejaa, ongeza kilo 2 kufidia hewa utakayoitumia. Mzamiaji asiye na uzito wa kutosha huona sawa mwanzoni, kisha mwishoni hushindwa kukaa kwenye mita 5, pa kutulia kabla ya kupanda juu, mtungi unapokuwa mwepesi.

Acha saa 18 kati ya mzamo wa mwisho na ndege. Siku ya mwisho itumie nchi kavu.

Na siku bahari ikikataa kabisa pande zote?
*Msomaji wa Kampala*

Valletta inamaliza siku nzima. Ilianza kujengwa 1566, mwaka mmoja baada ya Waothmani kushindwa kuiteka Malta. Uwe bustani ya Upper Barrakka saa sita mchana, mzinga hupigwa. Ukiukosa, hupigwa tena saa kumi. Katika kanisa la Mtakatifu Yohane kuna mchoro mkubwa wa Caravaggio wa 1608. Mabega na magoti yafunikwe, na viatu vya visigino vyembamba haviruhusiwi kwa sababu sakafu ni makaburi ya marumaru. Makaburi ya chini ya ardhi ya Ħal Saflieni, yaliyochongwa kabla ya chuma kujulikana, hupokea watu 10 tu kwa kila kundi, na walio chini ya miaka 6 hawaingii. Kata tiketi wiki nyingi kabla hujafunga begi.

Gozo ina mahekalu ya Ġgantija, yenye zaidi ya miaka 5,000. Lile tao la mwamba la Dwejra linaloonekana kwenye matangazo lilianguka 8 Machi 2017, usilifuate. Feri kutoka Ċirkewwa huchukua dakika 25, na wakati wa kwenda hukatishwi tiketi: unalipa ukiwa unarudi, kwenye bandari ya Mġarr kule Gozo, euro 4.65 kwa anayetembea kwa miguu. Feri zinakwenda mchana na usiku. Jumapili alasiri foleni ya magari hapo Mġarr hupanda hadi mlimani, na waliokodi gari huweza kusubiri saa mbili au zaidi. Wa miguu hupita pembeni na kupanda feri ya kwanza iliyopo. Kwa hiyo Jumapili gari liache Ċirkewwa, na ukifika Gozo tumia mabasi yanayoanzia Victoria, mji mkuu wa kisiwa hicho.